Swali Nililolinyamazisha



Leo naomba niwasimulie kosa langu. Sisi makatekista hupenda kusimulia makosa ya wengine: ya Adamu, ya Petro aliyemkana Bwana, ya Tomaso aliyesita kuamini. Ya kwetu wenyewe huyaacha katika kiti cha maungamo. Lakini kosa hili nililitenda mbele ya vijana, na kwa hiyo naona ni haki nilitaje mbele ya vijana.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Kwaresima, hapa Kalemie, katika mafundisho ya Kipaimara. Somo lilikuwa Ekaristi Takatifu. Nilikuwa nimekwisha kueleza kwamba, kwa maneno ya Kristo na kwa nguvu ya Roho Mtakatifu, mkate na divai hugeuka kweli kuwa Mwili na Damu ya Bwana. Kijana mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa 5 wa sekondari katika chaguo la Biolojia na Kemia, akainua mkono. Wiki ile, shuleni kwao, walikuwa wamedondosha ayodini, ile dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda, juu ya kipande cha muhogo, na muhogo ukawa wa bluu inayokaribia weusi. Mwalimu wao aliwaambia kwamba rangi ile ni shahidi wa wanga. Basi kijana akauliza: "Mwalimu, hostia hutengenezwa kwa unga wa ngano, na ngano ina wanga. Ikishageuzwa, tukiidondoshea ayodini, itakuwa ya bluu au haitakuwa?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia kwamba hilo ni kufuru, kwamba aketi, na kwamba shetani naye katika bustani alianza kwa kuuliza swali. Aliketi. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuata baada yake.

Mama yake ni mwenzetu katika jumuiya ndogo ndogo. Jioni moja baada ya sala nilimwuliza habari za mwanawe. Aliinamisha kichwa, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Baba Mwalimu, usinikasirikie. Mtoto anasema dini yetu inaogopa dawa ya vidonda."

Nilirudi nyumbani na neno hilo, wala sikulala vema. Nilijiuliza hasira yangu ilitoka wapi. Nilitaka kuamini kwamba ilitoka katika bidii ya nyumba ya Mungu, kama ile ya Bwana hekaluni. Lakini kadiri nilivyojichunguza, nikaona kwamba ilitoka mahali pengine: sikujua jibu. Mimi nilisomea ualimu, na katika masomo yale tulifundishwa kwamba mwalimu asiyejua jambo amwambie mwanafunzi, "Tutalitafuta pamoja." Nimelisema neno hilo mara nyingi nikifundisha hesabu na jiografia. Katika mafundisho ya dini sikuwahi kulisema hata mara moja, kana kwamba Mungu angeaibika mimi nikikosa kujua.

Basi nikaenda kwa jirani yangu, mwalimu wa kemia, nikamwomba anifundishe wanga ni nini. Hakunidharau. Aliniketisha barazani, akaweka juu ya meza muhogo uliochemshwa, wali wa jana, pamba ya zahanati, karatasi ya daftari na vipande viwili vya nguo, akachukua chupa ya ayodini. Aliniambia kwamba ayodini iligunduliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois katika majivu ya mimea ya baharini, na kwamba miaka 3 tu baadaye wakemia wenzake walikwisha kuandika juu ya rangi yake ya bluu katika wanga. Tangu hapo watu hutumia tone hilo kuuliza vitu: Je, ndani yako mna wanga?

Muhogo ukajibu kwa bluu. Wali pia. Pamba haikujibu, ilibaki na madoa ya kahawia tu. Karatasi, kwa mshangao wangu, ilipiga weusi. Kati ya nguo mbili, kitenge kipya kutoka sokoni kiligeuka bluu, lakini kitambaa cheupe cha zamani, ambacho mama yangu alikihifadhi tangu siku ambazo kiwanda cha Filtisaf kilisokota na kufuma pamba hapa mjini kwetu, hakikugeuka. Nilisema haraka kwamba basi nguo za leo si za pamba. Jirani yangu akacheka. Alinieleza kwamba viwanda hupaka nyuzi wanga ili zisikatike wakati wa kufumwa, na kwamba karatasi nayo mara nyingi hutiwa wanga ili wino usisambae. Kile kitambaa cha mama kimefuliwa mara mia. Wanga wake umekwisha kwenda na maji, imebaki pamba tupu. "Unaona, Mwalimu," akaniambia, "tone halisemi uongo. Ni sisi tunaoharakisha kulitafsiri."

Kisha akanipa jambo ambalo tangu siku ile sijaacha kulistaajabia. Wanga wa muhogo na selulosi ya pamba, alisema, hujengwa kwa kitu kimoja. Vyote viwili ni minyororo ya sukari iitwayo glukosi. Mmea huitengeneza sukari hiyo kwa maji, kwa hewa na kwa nuru ya jua. Kila molekuli moja ya glukosi ina atomu 24: 6 za kaboni, 12 za hidrojeni na 6 za oksijeni. Mmea ukiziunganisha kwa namna moja, tunapata chakula. Ukiziunganisha kwa namna nyingine, tunapata nguo, mbao na kamba.

Tofauti iko katika kiungo tu. Katika wanga, kila glukosi hushikana na mwenzake ikiwa imeelekea upande uleule. Mnyororo wa namna hiyo hupinda, ukajizungusha kama ngazi ya mviringo, glukosi 6 hivi katika kila mzunguko. Ndani ya mzunguko huo panabaki uwazi mwembamba, na ayodini huingia humo na kujipanga. Ndipo tunapoona bluu. Katika selulosi, kila glukosi imegeuzwa juu chini kuliko jirani yake. Kwa kugeuzana hivyo mnyororo hunyoka kama uzi uliovutwa. Minyororo iliyonyoka hulala ubavu kwa ubavu, ikashikana kwa nguvu ndogo ndogo nyingi, hata maji hayawezi kuiyeyusha. Ayodini haina mahali pa kuingia. Mfaransa Anselme Payen, aliyeichambua dutu hiyo katika mimea na kuitambulisha mwaka 1838, aliona kwamba vipimo vyake vinafanana na vya wanga, lakini tabia zake ni mbali kabisa.

Mama zenu wanaijua habari hii bila kitabu. Ukimenya muhogo na kuupasua, ndani yake pana uzi mgumu uendao toka kichwa hadi mkia. Mama huuvuta na kuutupa, na nyama nyeupe huiweka chunguni. Uzi ule umejengwa zaidi kwa selulosi, na nyama ile kwa wanga. Sukari ni ileile, katika muhogo uleule, uliotolewa katika shimo lilelile. Mmoja hushiba kwa nyama ile, lakini hakuna aliyewahi kushiba kwa uzi, kwa sababu miili yetu haina kimeng'enya cha kufungua kiungo cha selulosi. Kiungo cha wanga twaweza kukifungua. Mate yetu huanza kazi hiyo mdomoni. Jaribuni wenyewe: tafuneni muhogo uliochemshwa bila chumvi, polepole, bila kuumeza, nanyi mtasikia utamu unakuja. Mchwa, kwa msaada wa vijidudu waishio tumboni mwao, huweza kula hata selulosi. Ndiyo maana vitabu vyangu vya katekisimu viliwahi kuwa chakula chao.

Nilirudi kutoka barazani pale nikiwa mwanafunzi. Lakini swali la kijana lilikuwa bado halijajibiwa. Masista wakitengeneza hostia hukata miduara katika mkate mpana, na yale mabaki ya pembeni, ambayo hayajawahi kupelekwa altareni, huwagawia watoto. Niliomba kipande kimoja cha mabaki hayo, nikakidondoshea ayodini. Kiligeuka bluu, na sikushangaa: ni mkate wa ngano, na ngano ina wanga. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 924, inadai kwamba mkate wa Ekaristi uwe wa ngano tupu.

Ndipo nilipomwendea Padri Paroko na kumweleza yote, pamoja na kosa langu. Nilitazamia kwamba angeniambia nisichunguze mambo makuu. Akaniambia: "Na hostia iliyogeuzwa ingegeuka bluu vilevile. Ni nani aliyekufundisha vinginevyo?"

Nilinyamaza. Hakuna aliyenifundisha vinginevyo. Kanisa halijapata kusema kwamba baada ya mageuzo hostia hupoteza ladha yake, uzito wake au uwezo wake wa kulowa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha wazi kwamba yote yanayoonekana na kupimwa katika mkate hubaki. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulitangaza kwamba badiliko ni la dhati, huku maumbo ya mkate na divai yakibaki. Mimi nilikuwa nikiyafundisha maneno hayo kwa miaka mingi. Kumbe nilikuwa nimeyakariri tu bila kuyaamini hadi mwisho wake. Moyoni nilikuwa nikiogopa kwamba, endapo mtu angetia tone, imani yangu ingeanguka.

"Hatutii tone," Padri akaendelea, "kwa sababu ya heshima, si kwa sababu ya hofu. Jibu tunalijua. Lakini mtu hamchomi mama yake sindano ili kuthibitisha kwamba damu yake ni nyekundu."

Baada ya hapo nilielewa pia mahali kijana yule alipojikwaa, na kwamba hakujikwaa kwa ubaya wa moyo. Sisi hapa husoma sayansi kwa Kifaransa. Katika Kifaransa neno ni moja: lile ambalo mwalimu wa kemia hulitumia kwa kitu kilicho ndani ya chupa ndilo ambalo katekisimu hulitumia kwa kile kinachobadilika altareni. Kijana alisikia asubuhi kwamba ayodini hutambulisha kitu hicho, akasikia alasiri kwamba kitu hicho kimebadilika. Angewezaje kukosa kuuliza? Kiswahili chetu kimetupatia maneno mawili. Dutu ni kile anachokipima mkemia: wanga, maji, chumvi. Dhati ni kile ambacho kitu ndicho, kinapoulizwa mbele ya Mungu: hiki ni nini? Ayodini hutambua dutu, na kazi hiyo huifanya kwa uaminifu. Dhati haina rangi ya kuonyesha katika chupa. Twaipokea kwa neno la yule aliyesema, nasi twamwamini aliyesema.

Mtu aweza kuniambia kwamba huko ni kukwepa, kwamba nimeiweka imani mahali ambapo hakuna kipimo kinachoweza kuifikia. Sitaki kuwadanganya: ni kweli kwamba hapana kipimo kinachoifikia. Lakini fikirini kitambaa kile cha mama yangu. Mkemia atawaambia kwamba ni selulosi, na atasema kweli tupu. Hakuna tone litakalogeuka rangi kuonyesha kwamba mama alinibeba mgongoni ndani yake. Je, kwa hiyo si kweli? Mfano huu haufikii fumbo la Ekaristi. Katika kitambaa dhati haikubadilika, ni mimi niliyekikumbuka. Nauleta kwa jambo moja tu: ayodini ikinyamaza juu ya jambo fulani, kunyamaza kwake si kukanusha.

Nilienda nyumbani kwa kijana yule siku ya Jumapili ya Matawi. Nilimkuta nyuma ya nyumba akitengeneza baiskeli. Nilimwambia mbele ya mama yake: "Mwanangu, uliniuliza swali jema nikakujibu vibaya. Nisamehe. Jibu ni ndiyo, itakuwa ya bluu." Akaacha kazi yake, akanitazama kwa muda. Kisha akasema, "Basi, Mwalimu, ungeniambia hivyo tu siku ile."

Ningependa kuwaambia kwamba Jumamosi iliyofuata alirudi. Hakurudi. Hakupokea Kipaimara mwaka ule pamoja na wenzake. Alimaliza sekondari, akaenda kusoma Lubumbashi. Akija likizo humwona katika Misa ya pili, kwenye viti vya nyuma, karibu na mlango. Tunasalimiana vema. Kama anakomunika au la, sijui, wala si juu yangu kumpeleleza. Nasali kwa ajili yake kila Alhamisi mbele ya Sakramenti Takatifu, na katika sala hiyo najiombea mimi pia. Dakika moja ya hofu yangu ilimgharimu mtoto wa watu mambo ambayo dakika nyingi za kuomba radhi hazijayarudisha bado.

Lakini jambo moja limebadilika katika mafundisho yetu. Kila mwaka, tunapofika somo la Ekaristi, huleta muhogo, pamba na chupa ya ayodini kabla ya kufungua katekisimu. Kisha huwatoa vijana nje, wakashikana mikono katika mstari. Kwanza wote hutazama ziwa, na kila mmoja hujigeuza kidogo tu kumfuata mwenzake. Mstari hupinda, na punde wa kwanza amekaribiana na wa mwisho. Halafu mmoja hutazama ziwa, jirani yake hutazama vilima, mmoja ziwa, mmoja vilima, mstari hunyoka. Mfano huo haufanani na molekuli katika kila jambo, ila hausahauliki. Watu ni walewale. Kilichobadilika ni namna walivyoshikana.

Hapo ndipo huwauliza: katika mistari hii miwili, ni upi ulio bora? Kila mwaka wengi husema ule ulionyoka. Nami huwakumbusha Injili ya Matayo, sura ya 25, ambapo Mfalme anawashukuru walio kuume kwake kwa sababu walimlisha alipokuwa na njaa, wakamvika alipokuwa uchi. Kwa sukari moja tu Muumba ametupa kitu cha kumlisha mwenye njaa na kitu cha kumvika aliye uchi. Wanga umefungwa kwa kiungo kinachokubali kufunguliwa, ili uwe uhai wa mwingine. Selulosi imefungwa kwa kiungo kisichokubali, ili istahimili mvua na jua. Katika parokia tunawahitaji watu wa namna zote mbili: wale wanaojitoa mpaka waishe, na wale wanaosimama imara wengine wasitawanyike.

Nanyi mnajua kwamba Kiswahili huita kiungo kile kinachounganisha, na pia huita viungo sehemu za mwili. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anasema kwamba sisi tulio wengi tu mwili mmoja, kwa kuwa twashiriki mkate mmoja, na kwamba kila mmoja wetu ni kiungo. Katika mji huu wetu wamo waliozaliwa hapa, waliokuja kwa reli, waliovuka ziwa, na waliokimbia vijiji vyao usiku kwa ajili ya vita, wakaanza upya chini ya turubai. Wote wameumbwa na Mungu yuleyule, kwa mfano wake yuleyule. Tutakuwa nini pamoja, hilo linategemea namna tutakavyoshikana.

Mwaka 1998 Papa Yohane Paulo II aliandika waraka mzima juu ya imani na akili, akizieleza kuwa ni vitu ambavyo roho ya mwanadamu huvihitaji pamoja ili kuifikia kweli. Mimi nilijifunza somo hilo kwa njia ndefu, kwa gharama ya kijana mmoja. Nawasihi ninyi mlifupishe. Msiache kemia kwa ajili ya Misa, wala Misa kwa ajili ya kemia. Na siku mtakapokuwa walimu, wazazi au makatekista, mtoto akiinua mkono akauliza jambo msilolijua, msimwambie aketi. Mwambieni, "Tutalitafuta pamoja."

Kwa majadiliano katika vikundi: Ni swali gani juu ya imani ambalo umewahi kuliogopa kuliuliza, na uliogopa nini? Je, kuna mtu aliyeacha kuja katika kikundi chetu kwa sababu ya jibu letu, na ni nani kati yetu atakayekwenda kumwona wiki hii? Katika parokia yetu, wewe unajiona kuwa zaidi kama wanga au kama selulosi, na mwenzako wa namna nyingine unamheshimuje?

Tusali: Ee Bwana, uliyefanya ngano na muhogo, pamba na macho yetu ya kuvitazama, utujalie kuchunguza kazi zako bila kiburi na kukupokea wewe bila woga. Uwarudishe wote tuliowanyamazisha. Amina.